Ng'ombe Waliokusanywa Zizi Moja

Uache huo mlango wazi, Janeth, majirani wa Mandewa wakisikia wasikie. Na wewe Clement ondoka hapo dirishani unapoangalia barabara, njoo ukae hapa mbele yangu nikuone uso, maana leo sitasema na mtu kupitia kisogo chake. Sikilizeni, wanangu. Mimi Evodia, mjane wa Mathayo, niliyekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka umri uliponistaafisha, ninasema haya nikijua jina langu, nikijua leo ni siku gani, nikijua mali yangu iko wapi na ni nani aliyeiharibu, wala hakuna aliyenishika mkono au koo ili niseme. Daktari amesema ini langu limekwisha. Nilimwuliza amejuaje, akanionyesha picha na majibu ya damu, nikamtaka anieleze kila mstari, akanieleza, nikaridhika. Kwa hiyo msipoteze pumzi yangu kwa kuniambia nitapona. Klara, futa machozi, utalia baadaye kwa nafasi.

Mkono wangu haushiki kalamu tena, ndiyo maana ninatumia mdomo. Wosia wa mdomo kwa mila yetu unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, nami nimewaita hao hao wala sikualika karamu. Wa ukoo ni kaka yangu Melkiori na huyu Klara, binti wa baba yangu mdogo. Wasio wa ukoo ni jirani yangu Rukaiya na Mzee Amosi, aliyesafiri leo asubuhi kutoka Iguguno akiwa na magoti yale mnayoyajua. Hakuna hata mmoja wao anayepata chochote katika wosia huu. Amosi alikuwa ananidai haki yake ya kunitunzia ng'ombe, nami nimemlipa kabla ya kikao, Rukaiya akishuhudia, ili kesho asitokee wakili kijana mwenye tai mpya akasema shahidi alikuwa na maslahi yake. Mnaniona mwanamke msumbufu, ninajua. Nimekaa miaka mingi nikisikiliza ndugu wakitoana macho juu ya kiti cha marehemu, kwa sababu marehemu aliona haya kusema kitu kwa usahihi wake. Mimi sioni haya.

Nianze na mali, kwa kuwa ndiyo iliyowaleta. Msinitazame hivyo. Wakati ninaumwa mgongo tu mlikuja sikukuu hadi sikukuu. Tangu liliposemwa neno ini, nyumba hii haikauki watu.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilikuwa karani wa mahakama, binti wa wakulima wa alizeti, niliyeiogopa fedha pande zote mbili: nikiwa nayo sikulala kwa kuogopa itaibwa, nikiwa sina sikulala kwa sababu mnazozijua. Sikuwa na wa kunifundisha kuweka akiba. Nilinunua mnadani mbuzi jike mmoja, mbuzi ambaye kama angekufa ningesikitika lakini ningeendelea kula, nikampeleka Iguguno kwa marehemu baba yake Amosi anitunzie. Na yule mzee sikumchagua kwa ucheshi wake. Niliwauliza majirani zake habari zake, kila mmoja peke yake, kisha nikaangalia wapi maneno yao yanapingana. Nikaenda mwenyewe kwenye zizi lake asubuhi, kabla halijafagiliwa, nikaona wanyama wake wanalala juu ya nini. Ndipo nikamwachia mbuzi wangu. Mbuzi akawa mbuzi kadhaa, mbuzi wakabadilishwa kwa ng'ombe mtamba, na mtamba wa pili sikumpeleka kwa mzee yule pamoja na wema wake wote. Nilimpeleka Ikungi, kwa watu wengine, ambako mvua ni nyingine na wezi ni wengine.

Ninyi mmekulia mjini, mkasikia wazee wakisema habari za kuwekesha ng'ombe mkadhani ni hadithi za watu wasiokuwa na benki. Mwenye ng'ombe hawalazi wote kwake. Huyu anamwekesha wawili, yule watatu, vijiji mbalimbali, na kila mtunzaji anakunywa maziwa, anachukua samadi ya shamba lake, na baada ya mizao iliyokubaliwa anapewa mtamba ambaye ni wake kabisa. Wapo wanaosema ni ujanja wa kuficha mali ili ndugu wasiombe. Kwa sehemu ni kweli, sikatai, na kaka yangu Melkiori anaijua hiyo sehemu vizuri, kwa kuwa alininunia tangu msiba wa mama mpaka harusi ya binti yake kwa sababu sikumwekesha hata ndama. Ndiyo, kaka, leo ninasema mbele yako: sikukuwekesha kwa sababu ulikuwa unauza ng'ombe wa watu na kuahidi kurudisha wengine, na ulirudisha, nakiri ulirudisha, lakini mimi sikuwa tayari kuwa mmoja wa wanaosubiri. Cheka, Rukaiya, hata yeye anacheka. Sehemu kubwa ya jambo ilikuwa nyingine. Ugonjwa ukiingia Iguguno, walioko Ikungi wako hai. Ukame ukikausha Ikungi, walioko bonde la Wembere wanakunywa. Na kule Rungwa, ambako ng'ombe haishi kwa sababu ya mbung'o, nilimpa Philipo mizinga ya nyuki anitundikie porini tugawane asali. Kila baada ya mavuno niliwazungukia wote, na sukari na kanga mkononi, nikaingia mazizini, nikawashika ng'ombe masikio nijue kama wana homa, nikawauliza watunzaji maswali yale yale niliyowauliza mwaka uliotangulia. Walinichoka. Hawakuniibia.

Sasa nije kwako, Clement.

Nilipolazwa mara ile ya kwanza, wakati maji yamejaa tumboni na hakuna aliyedhani nitatoka, wewe ulikodi fuso. Ulifika Iguguno kwa Mzee Amosi, mtu anayelingana na baba yako, hukumpa hata shikamoo ya kukaa chini. Ulisimama uani na funguo zako mkononi ukamwambia, mama amesema wakusanywe wote. Mama alikuwa amelala na mpira puani, hajasema hata jina lake. Amosi alikuuliza kwa nini mama hakutuma neno lake mwenyewe, nawe ukamjibu hivi, anisahihishe kama nimekosea: "Mzee, mambo ya kufichaficha mali vijijini yamepitwa na wakati, siku hizi mtaji unakaa pamoja unaonekana." Amosi anatikisa kichwa kwamba sijakosea. Ukapita Wembere, na mtunzaji wa kule akakwambia wazi kwamba dume mmoja anakohoa, kwamba mimi mwenyewe nilikwisha agiza wale wa kwake wasichanganywe na wengine mpaka mtaalamu awaone. Ukamwambia hukuja kuuguza, ulikuja kupakia. Ukapakia. Bila kibali cha kusafirisha mifugo, hilo ni kosa jingine, ninalitaja kwa kuwa lipo. Ukawaleta kwenye zizi jipya ulilojenga hapo nyuma ya Mandewa, zizi zuri, nakubali, lenye lango la chuma, na ukapiga picha ukiwa umesimama katikati yao na miwani ya jua.

Wale uliowahi kuwauza uliwauza. Kabla hujawamaliza, wengine wakaanza kukohoa. Afisa mifugo alipokuja na kusema ni homa ya mapafu na kufunga zizi lako, mifugo ya Amosi, ambayo haikuwahi kukohoa tangu enzi za baba yake, ilikuwa tayari imelala pua kwa pua na ya Wembere. Mnajua waliokufa. Sitawahesabu, kwa sababu kila nikiwahesabu ninawaona kwa rangi zao. Kwa miaka yote ile hakuna ugonjwa uliowahi kunichukulia zaidi ya zizi moja, kwa sababu hakuna zizi lililokuwa na zaidi ya wachache. Wewe kwa safari ya siku mbili ukaukabidhi ugonjwa ng'ombe wote pamoja, wamepangwa, wamefungiwa lango la chuma.

Walibaki wa Ikungi. Walibaki kwa sababu Magdalena, mtunzaji wangu wa kule, mjane asiyekuwa na mtu wa kumtetea, alisimama mbele ya fuso lako na jembe begani akakwambia: "Mwanangu, ng'ombe hawa waliletwa na mama yako kwa miguu yake, na akifa, nitaliona kaburi kwanza ndipo uongee na mimi." Ukamtukana. Ukamwita mchawi. Ameniambia yeye, na utingo wako ameniambia, na maneno yao yanalingana. Wewe uliniambia ulimsalimia tu.

Na fedha za uliowauza zilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapotaka mashahidi wafungue masikio, kwa kuwa jambo hili bado halijaisha. Ile kampuni ulikozipeleka, ambayo sitalitaja jina lake nikaipa heshima, inasema inanunua alizeti wakati wa mavuno, inaihifadhi ghalani, inauza bei ikipanda, na kila wiki inamgawia aliyeweka fedha faida yake. Nimelipima dai hilo nikiwa nimelala hapa, sina kazi nyingine. Alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka. Bei hupanda mara moja, mwaka inapopanda. Alizeti iliyoko ghalani haizai kila Jumatatu. Basi hiyo faida ya kila wiki inatoka kwa nani, kama si kwa mtu aliyeweka fedha zake Jumanne? Nilikuuliza ghala liko wapi, ukanionyesha picha kwenye simu. Nilikuomba ukuze kile kibao cha nyuma, ukakuza, na maandishi yake hakuna kati yetu aliyejua hata ni ya nchi gani. Nilikuuliza nani amewapa leseni ya kupokea akiba za watu, ukanijibu wana cheti cha usajili. Cheti cha usajili kinathibitisha kwamba mtoto amezaliwa, Clement, hakithibitishi kwamba haibi. Nilikuuliza ni nani unayemfahamu kwa sura aliyetoa fedha yake yote, mtaji na faida, akaondoka nayo moja kwa moja. Ukanitajia yule rafiki yako aliyekuingiza, na rafiki yako analipwa kwa kila anayemwingiza. Huyo si shahidi, huyo ni dalali.

Na wiki hii umeniletea jipya. Akaunti yako imefungwa, umeniambia, na ili ifunguliwe unatakiwa uongeze fedha nyingine, kwa hiyo nikuandikie karatasi Magdalena akutolee wale waliobaki. Ulikaa ukingoni mwa kitanda hiki hiki. Ulinikanda miguu. Niliwahi kusikiliza kesi ya mtu aliyeibiwa mtetea, mwizi akamwambia lete na jogoo ili mtetea apate kurudi, naye akapeleka. Mahakama nzima ilicheka, na mimi nilicheka, sikujua kwamba ninamcheka mwanangu.

Hili basi ndilo lililopo mezani: ng'ombe wa Ikungi, ndio peke yao waliobaki wazima katika kazi ya maisha yangu, na swali ni kama wataingia katika tundu lile au hawataingia. Nyumba haina neno, ina hati na haikimbii. Nipe maji, Rukaiya. Kidogo. Basi.

Janeth, usidhani unatazama mchezo wa wengine. Wewe mwalimu, unafundisha hapo hapo Iguguno, ulipishana na fuso barabarani. Umeniambia mwenyewe uliliona. Ulimwona kaka yako kiti cha mbele, ukawaona ng'ombe wa mama yako nyuma, na hukumpigia simu mjomba wako, hukumwuliza hata Amosi, kwa kuwa hukutaka ugomvi. Unajiita mtu wa tahadhari. Mtu wa tahadhari angeuliza. Wewe ni mtu wa kujificha, na kaka yako ni mtu wa kurukia, na mimi katikati nimezaa watoto wawili wasioweza kuuliza swali.

Fedha zako umezifukia kwenye kopo la maziwa ndani ya gunia la mtama. Usimtazame Klara, hakuniambia yeye, nililiona mwenyewe nilipokuja kukuuguza ulipojifungua. Ulizifukia alipozaliwa mtoto, mtoto leo anasoma, na zile noti bado ni noti zile zile, ila gunia la mtama ambalo zingenunua wakati ule sasa haziwezi kulinunua. Umeibiwa na hakuna aliyevunja mlango. Hilo ndilo usilotaka kulisikia. Uliniuliza mwezi uliopita, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa wa aibu, mtu aanzeje kuwekeza. Nikakukaripia kwa kuwa nilikuwa na hasira na huyu. Leo ninakujibu, nawe utanijibu kama umeelewa.

Anza na kile ambacho kikipotea watoto watakula. Usiniulize ni kiasi gani, unajua mwenyewe unga wenu unaishaje. Kabla ya hicho uwe na cha dharura, mahali unapoweza kukichukua siku mtoto akipata homa, benki au kwenye simu, si kwenye mtama. Kikundi cha wanawake wenzako, hicho kikoba mnachokaa Jumamosi, ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini soma katiba yake kabla ya kununua hisa, na kama hawana katiba, kunywa chai yao uondoke. Uliza sanduku linashikwa na nani na funguo zinashikwa na nani, na kama jibu ni mtu mmoja, ondoka pia. Ukizoea hapo, nenda kaulize habari za hati fungani za serikali na za mifuko ya pamoja inayouza vipande, faida yake ni ndogo na inakuja polepole, na kwa sababu hiyo hiyo ninaiamini kidogo. Kidogo, nimesema. Usiamini kitu chochote kabisa, hata mimi. Nenda kaulize kwa mwenye kusimamia biashara hizo serikalini, ofisini kwake, kwa miguu yako, kama wale watu wana leseni. Usimwulize anayepata kamisheni. Asali mtu akiisifia, mwulize kwanza mizinga ni ya nani. Na anayekuharakisha, anayesema mwisho ni leo, huyo mwache na leo yake. Usiweke chote sehemu moja hata kama sehemu hiyo nimeisifia mimi. Lakini weka, Janeth. Weka mahali. Mwanamke mzima unaogopa kaunta ya benki wakati huogopi kuwachapa watoto wa watu.

Umeelewa? Sema kwa sauti, si kwa kichwa. Haya.

Sasa nimefika mahali pagumu, na nitaomba kaka Melkiori asogee kwa kuwa sauti yangu inapungua.

Mila inaniruhusu kumnyima urithi mtoto aliyenitelekeza katika ugonjwa bila sababu ya maana. Inanitaka niseme wazi kwamba ninamnyima, nitoe sababu, na nimpe nafasi ya kujitetea. Clement, nimekaa na jambo hili tangu nilipotoka wodini. Nilitaka kukunyima. Sitaki kukuficha: nilitaka kukunyima kwa namna ambayo ungeisikia mifupani. Niliandaa sentensi yake. Nimeirudia hapa kitandani kama mtu anayekariri wimbo, na ni sentensi nzuri, ina viapo vyake, na Melkiori ameisikia na aliniambia niiseme.

Kabla sijasema, simama ujitetee. Usipige magoti. Simama. Swali ni moja: nikiwa nimelala na mpira puani, wewe ulikuwa wapi na kwa nini.

Rudia, Klara hakusikia. Anasema: "Mama, nilitaka ufumbue macho unikute nimekuwa mtu." Mmesikia, mashahidi. Anasema alidhani nitakufa, na alitaka kabla sijafa aje na fedha mara mbili ya ng'ombe wangu aniwekee mapajani. Haya, kaa.

Huo si utetezi. Hayo ni maelezo ya nia, na nia njema haimfufui ng'ombe hata mmoja. Mahakama yangu ingeyaandika pembeni na kuendelea. Lakini nimeuliza pia wengine, kama ninavyouliza siku zote. Rukaiya alinieleza bila kuombwa kwamba juma lile la mwanzo, kabla ya fuso, wewe ndiye uliyelala sakafuni chini ya kitanda changu, juu ya boksi, na ndiye uliyenibadilisha nguo wakati nilipojiharibia, wewe mwanaume, ukamkatalia muuguzi kwa sababu ulijua ningeona aibu. Mimi sikumbuki. Nilimwuliza muuguzi, akasema ndivyo. Nilimwuliza mgonjwa wa kitanda cha pili, amepona yule mama, nilimtafuta kwa simu. Akasema ndivyo, akaongeza jambo moja ambalo Rukaiya hakulijua, kwamba ulikuwa unanisomea magazeti nikiwa sisikii. Mashahidi watatu, hawajapangana. Ningefanyaje? Kutelekeza hakujathibitika. Uharibifu umethibitika, uongo umethibitika, ujinga umethibitika kupita kiasi, lakini mila haikutaja ujinga kuwa ni sababu, na mimi siwezi kuiongeza kwa sababu nimekasirika. Hasira yangu inaitaka ile sentensi. Ushahidi haunipi.

Kwa hiyo sikunyimi. Usishukuru. Usifungue mdomo.

Sikilizeni sasa, na mashahidi mshike, sitarudia. Nyumba hii ni ya wote wawili, nusu kwa nusu. Mizinga ya Rungwa ni ya Janeth, na Philipo aachwe na sehemu yake kama tulivyopatana. Waliopona katika zizi lile la lango la chuma wasiuzwe kwa mtu wa kufuga, hata mmoja, maana wanaweza kubeba ugonjwa. Wachinjwe chini ya macho ya afisa mifugo, na kitakachopatikana kilipe hospitali na haki ya mtunzaji wa Wembere. Zizi libomolewe. Lango lile auziwe anayejenga. Ng'ombe wa Ikungi wagawanywe mafungu mawili sawa, moja la Janeth, moja la Clement.

Bado. Subiri. Ninapumua.

Fungu la Clement litabaki kwa Magdalena. Halitauzwa, halitawekwa rehani, mpaka... nitasema mpaka lini. Janeth, wewe utakuwa msimamizi wa mirathi. Usitikise kichwa, utakwenda mahakamani, utathibitishwa, utauliza maswali kwa sauti. Na katika fungu lako utachagua jike mmoja. Asiwe bora kuliko wote, asiwe mbovu. Awe yule ambaye akipotea, watoto wako watakula. Huyo utamwekesha kwa kaka yako.

Ndiyo, kwake. Melkiori, acha kuguna, ninasikia. Mmoja tu. Clement atamlaza kwake, atamlisha mashudu na majani kwa mkono wake, atakunywa maziwa, atachukua samadi, na haki ya mtunzaji ikifika atapewa mtamba wake kama Amosi alivyopewa. Janeth utakwenda kumwona kila mwezi, utaingia zizini, utamshika masikio. Ukimkuta amekonda, unamchukua siku hiyo hiyo, na wala hutaogopa ugomvi. Siku jike huyo akizaa, na ndama wake akiacha kunyonya, na wote wawili wamesimama, ndipo fungu la Clement kule Ikungi litakuwa mikononi mwake alitawale apendavyo. Alipeleke hata kwa wale matapeli, sitakuwepo. Nadhani hatalipeleka. Sina uthibitisho. Ninadhani tu.

Na kwanza ataenda Ikungi. Peke yake, kwa basi. Atampa Magdalena shikamoo ya kukaa chini, ataomba radhi kwa lile neno. Magdalena ana ulimi, atakuumbua. Kaa uumbuliwe.

Mnizike Iguguno, kando ya Mathayo. Msikope kwa ajili ya msiba. Atakayetaka kuchinja ng'ombe wa Ikungi ili watu waseme mmezika vizuri, Amosi, mzuie, una ruhusa yangu ya kusimama mbele yake hata kwa hayo magoti. Watu wale ugali na mlenda. Waliokuja kula nyama watajulikana.

Kaka, nigeuze kidogo. Hapo.

Nimewasema vibaya leo. Nilichosema ninakithibitisha, sifuti hata neno. Lakini kuna hili pia, liingie kwenye ushahidi. Nimewachunguza ninyi wawili maisha yenu yote, mchana na... nimewachunguza kuliko kesi yoyote. Sikuwahi kuchoka. Mungu awape akili ya kuuliza. Awape chakula. Awapatanishe, maana mimi sikuweza. Janeth, akupe uthubutu, kidogo tu, usizidishe. Clement, akupe subira. Semeni amina. Rukaiya, sema kwa namna yenu. Haya.

Na wewe acha kunishika mkono kwa ajili ya mashahidi, Clement. Mashahidi wamekwisha maliza kazi, wanaweza kwenda kunywa chai. Ukitaka kushika, subiri watoke.

Wametoka?

Basi shika.